Tone la Kulwa

Kibashiri hakikuwa na makeke. Watu waliokiona kwa mara ya kwanza walivunjika moyo kidogo, maana walitarajia mtambo mkubwa wenye taa za kuwakawaka, wakakuta kitu cheupe chenye ukubwa wa debe la mafuta, kimekaa mezani kimya. Unaingiza kidole tunduni. Kinachoma, wala mtoto hashtuki. Kinanyonya tone moja la damu, kinalitandaza juu ya kigae chembamba kuliko ukucha, na ndani ya dakika kumi na moja kinakuwa kimesoma vinasaba vyako vyote, ulivyorithi kwa baba na ulivyorithi kwa mama. Kisha kinakuambia utakuja kuugua nini. Hilo peke yake lisingekuwa ajabu, kwa sababu hata mashine za enzi za bibi zetu ziliweza kulisema kwa kubabaisha. Kibashiri kilikutajia na mwaka.

Kilikuwa kimewekwa katika Jumba la Ubashiri, juu kabisa ya miamba ya Isamilo, mjini Mwanza. Miaka hiyo Mwanza ilikuwa imekwisha kuparamia miamba yake yote, nyumba juu ya nyumba, na watu walipanda na kushuka kwa vigari vya kamba vilivyoning'inia kutoka kilima hadi kilima. Ukutani, palipopangwa viti vya kusubiria, pameandikwa kwa herufi kubwa: USILOLIJUA NI USIKU WA KIZA. Kando ya maandishi hayo alisimama Kiliwazo, roboti mrefu aliyetengenezwa kwa kazi moja tu, kuwashika mkono waliopewa majibu mabaya. Viganja vyake vilipashwa moto viwe sawasawa na joto la binadamu. Walioshikwa walisema vilikuwa na joto kweli, ila walitamani vingekuwa na jasho kidogo.

Fundi wa kibashiri alikuwa Doto Lufunga, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye maneno machache na kicheko cha ghafla. Kila asubuhi alifungua mfuniko, akasafisha vinyweleo vya kigae, vile vijitundu vinavyopitisha damu, akailisha mashine damu ya mfano ambayo majibu yake yalikuwa yanajulikana, ili ahakikishe haijaanza kusema uongo. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Wafanyakazi wenzake wote walikwisha kujipima, tena bure, lakini yeye hakuwahi kuingiza kidole chake mle. Walimtania kwamba ni mpishi asiyeonja mboga yake. Doto alicheka nao, akaendelea kusafisha.

Asidhani mtu kwamba hakuiamini mashine. Aliiamini kuliko wote. Jumanne moja asubuhi alikuja Bi Limi, mama wa makamo kutoka Magu, amemletea Doto mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mwaka uliotangulia kibashiri kilikuwa kimemwambia kwamba utumbo wake ungeota saratani baada ya miezi kumi na tisa, madaktari wakaingia, wakaukata ule mzizi kabla haujachipua.

"Nimekuja kukisalimia," alisema Bi Limi, akakipigapiga kibashiri mgongoni kama anayembembeleza mtoto. "Hiki ndicho kimenifufua. Na wanangu wanne wote nimewaleta, wawili wamekutwa nao, wametibiwa. Wewe binti, wazazi wako wanajua unafanya kazi ya Mungu?"

"Mama anajua ninafuta vumbi," Doto akajibu, na wote wawili wakacheka.

Michembe ile Doto alikuwa bado anaitafuna alipotazama foleni na kuuona uso wake mwenyewe. Ulikuwa umekaa kiti cha tatu, umevaa kilemba cha kijani, umeshika namba ya kusubiri. Alikuwa ni Kulwa, pacha wake.

Doto alimvuta mkono hadi chumba cha vipuri, akafunga mlango.

"Umefuata nini huku?"

"Kwani huku mnauza dagaa?" Kulwa alisema. Halafu utani ukamwishia. "Nimekuja kuchukua siku ya kupimwa, Doto. Mimi na Maduhu tunataka mtoto. Na wewe unajua sheria, hawamshonei mtoto kinasaba mpaka mzazi apimwe."

Doto aliijua sheria hiyo. Alijua pia jambo ambalo hawakuwa na haja ya kulitaja kwa jina, maana lilikaa kati yao tangu utotoni. Baba yao, Mzee Lufunga, alikufa kwa mchezesha.

Madaktari walikuwa na jina lao refu kwa ugonjwa huo, lakini watu wa kwao Misungwi waliuita mchezesha, kwa vile humchezesha mtu asiyetaka kucheza. Ndani ya kinasaba kimoja kuna herufi tatu zinazojirudia kupita kiasi, kama kigugumizi. Mwenye kigugumizi hicho huishi vizuri, akasoma, akaoa, akazaa, mpaka unapofika mwaka wake. Hapo mabega yanaanza kurukaruka yenyewe, vidole vinaangusha vitu, ulimi unakuwa mzito, na mwishowe akili nayo inaaga. Mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi, kama sarafu iliyorushwa juu. Mtoto aliye bado chembe tumboni anaweza kushonewa kinasaba chake, kwa kuwa kiraka ni rahisi kwenye kipande kidogo cha nguo. Mtu mzima hana wa kumshona. Kwake yeye, hata katika miaka hiyo ya mashine zinazotaja mwaka, dawa ilikuwa haijapatikana.

Uchungu wa Mzee Lufunga ulizidi kwa sababu alikuwa mcheza ngoma. Katika mashindano ya baada ya mavuno hakuna aliyemweza kwa mabega. Mabega yalipoanza kuruka yenyewe, watu walidhani mzee amebuni mtindo mpya. Misimu miwili mizima kijiji kiliupigia makofi ugonjwa. Siku alipoanguka uwanjani na kushindwa kusimama, bado kuna waliokuwa wanashangilia.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Kulwa alisema pale katikati ya vipuri.

"Maradhi yenye dawa, sawa. Haya hayana. La kuvunda halina ubani, Kulwa. Ukishajua utafanya nini?"

"Nitazaa mtoto asiye nayo. Hilo si kitu? Wewe kila siku unawaona akina mama wanatoka hapa wanacheka."

"Naona na wengine."

"Basi mimi nataka kuwa mmoja wao, wa huku au wa huku. Nimechoka kuikagua mikono yangu kila nikiangusha kijiko." Kulwa akamtazama. "Wewe huikagui yako?"

Doto aliiingiza mikono mfukoni. Aliikagua kila asubuhi, akiwa ameinama juu ya kigae, na kila asubuhi ilikuwa imetulia. Alijenga maisha yake juu ya utulivu huo wa siku moja moja. Alikuwa na mwalimu wa hesabu aitwaye Kisena aliyemwomba ndoa mara mbili, akamjibu mara mbili kwamba bado, na kila siku iliyopita bila kujua aliihesabu kuwa siku yake halali. Hakuwa na ujinga wa kutojua maana ya kutojua. Kutojua ndiyo nyumba aliyochagua kuishi.

"Kulwa," alisema hatimaye, "tone lako ni tone langu. Sisi ni wa yai moja. Wakikusoma wewe, wamenisoma mimi."

"Najua."

"Na mimi sitaki."

"Hilo nalo najua." Macho ya Kulwa yalikuwa yamejaa machozi. "Sasa unataka nifanyeje? Nisizae? Au nizae kwa kubahatisha, mtoto naye wanawe waje wamshike mabega kama tulivyomshika baba?"

Doto akafungua mlango, akatoka. 

Alikwenda kwa Dakta Ndaki, mkuu wa ushauri, mtu mpole aliyezoea kuongea polepole kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Sheria inasema jibu ni mali ya mwenye tone," alisema. "Kulwa ana haki ya kujua. Wewe una haki ya kutojua. Haki zote mbili ni kamili."

"Na zimekaa ndani ya damu moja, Dakta."

"Ndiyo. Kamati ilikaa siku mbili nzima kwa ajili ya mapacha. Unajua tuliandika nini? Mstari mmoja. Pacha asiyetaka kujua asiambiwe." Aliifuta miwani kwa muda mrefu. "Hiyo ndiyo kinga yote niliyo nayo, Doto. Sitakuambia. Wauguzi hawatakuambia. Kibashiri kitalifungia jibu kwa ufunguo ambao hata wewe fundi wake huna. Zaidi ya hapo siwezi kitu."

"Na nani atanifichia uso wa Kulwa? Nikimtazama tu nitalisoma jibu. Maana uso wenyewe ndio huu wangu."

Dakta Ndaki akapendekeza azungumze na Kiliwazo. Doto alicheka kile kicheko chake cha ghafla, akatoka.

Basi mapacha wakapatana wenyewe. Kulwa aliapa kwa kaburi la baba yao kwamba jibu litakuwa lake na la Maduhu tu. Kwa miezi sita hawataonana uso kwa uso. Simu watapigiana, lakini bila picha, na mazungumzo yatakuwa ya mapishi na umbea. Baada ya miezi sita, walisema, uso utakuwa umezoea chochote ulichokibeba.

"Na mama je?" Doto aliuliza.

"Mama simwambii. Kumwambia mama ni sawa na kukitundika kipaza sauti sokoni Misungwi."

Walicheka kidogo kwa hilo, kwa sababu walimpenda mama yao kwa namna hiyohiyo, pamoja na mdomo wake. Kila mtu alimwita Mama Kulwa, kwa jina la aliyetangulia kutoka, lakini mwenyewe hakuwahi kutanguliza yeyote. Alifuata desturi ya mapacha kama alivyofundishwa na mama yake: ukimpa mmoja, mpe na mwingine, siku hiyohiyo, kitu kilekile. Ukimpa mmoja ukamwacha mwingine, yule aliyeachwa ataugua. Viatu vya Kulwa vikichanika, Doto naye alivuliwa vyake vizima wakanunuliwa vipya pamoja. Walipokuwa na miaka sita Kulwa alishikwa na homa kali, akachomwa sindano tano katika siku tano. Siku zote hizo mama alimsimamia mganga wa zahanati mpaka akamchoma na Doto aliyekuwa mzima, kwa maji matupu. Mganga alilalamika kwamba hiyo si sayansi. Mama akamwambia sayansi yake aiweke pembeni dakika moja, kisha ataichukua tena.

Siku ya kupimwa ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Doto alifika asubuhi mapema kama kawaida yake, akafungua mfuniko. Alijua namna kumi na mbili za kuifanya mashine ile isifanye kazi, na nyingine zisingegunduliwa kwa mwezi mzima. Kinyweleo kimoja tu kikiziba, jibu linatoka na alama ya kuuliza. Alikaa na brashi mkononi. Lakini kibashiri kingine kilikuwa Shinyanga, na kingine Bukoba, na Kulwa alikuwa na miguu. Tena siku hiyo walikuwepo watu wengine kwenye orodha, labda akina Bi Limi wengine, ambao utumbo wao haukuwa na muda wa kusubiri huruma zake. Akakisafisha kigae. Hakuwahi kukisafisha vizuri kuliko asubuhi ile. Alipomaliza alikilisha damu ya mfano, kikasema kweli tupu, akavua joho lake, akaondoka.

Alipanda kigari cha kamba hadi Nyakato, akashuka, akazunguka sokoni akipapasa vitambaa asivyovitaka. Saa nne na dakika kumi na moja alikuwa amesimama mbele ya muuza nyanya. Akajua kwamba sasa hivi, kule juu ya miamba, kuna karatasi inayomjua. Muuza nyanya alimuuliza anataka fungu ngapi. Alinunua mafungu matatu, na nyumbani kwake aliishi peke yake.

Siku zikaenda. Kulwa alipiga simu kila Jumapili, bila picha, kama walivyopatana.

"Hujambo wewe?"

"Sijambo. Umepika nini?"

"Maharage. Maduhu ameyaunguza, ananisingizia mimi."

Doto aliisikiliza sauti ile kama fundi anavyosikiliza injini. Aliipima pumzi, akaupima ukimya kati ya neno na neno. Jumapili ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya pili Kulwa alicheka mpaka akakohoa, akisimulia jinsi roboti la jirani lilivyomwagilia maji nguo zilizoanikwa likidhani ni maua. Mtu aliyehukumiwa angecheka hivyo? Doto aliwaza, akajionya asiwaze, akawaza tena. Tumaini halibishi hodi. Kufikia Jumatano ya wiki ya tatu alijikuta anaimba akiwa anafagia. Alhamisi alimpigia Kisena, akamwambia kama bado anapenda kula sato, basi Jumapili hana shughuli.  Kisena akasema angeleta sato mwenyewe.

Jumamosi asubuhi ndegenyuki, kile chombo kidogo kirukacho cha kupeleka mizigo, ilitua dirishani, ikaacha kifurushi na kuondoka. Kilitoka Misungwi, kimefungwa kwa kamba ya katani na mafundo ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyeyafunga. Ndani mlikuwa na unga wa mtama, karanga, na kitu kizito kilichoviringishwa kwenye kipande cha kanga.

Kilikuwa kikombe cha bati, kipya, kinameta. Kilikuwa na masikio mawili makubwa, moja huku na moja huku, ya kushikwa kwa mikono miwili. Juu kilikuwa na mfuniko uliochomelewa, na kwenye mfuniko kimdomo kidogo cha kunywea, ili hata mkono ukirukaruka, uji usimwagike.

Kikombe cha namna hiyo Doto alikuwa amekiona kimoja tu maishani mwake. Baba yake alikinywea miaka sita.

Alikaa chini pale pale sakafuni. Hakulia. Alikishika kikombe kwa masikio yake yote mawili, na kilimkaa mikononi vizuri sana, maana fundi aliyekitengeneza alijua kazi. Baadaye, hakujua ni baada ya muda gani, aliinuka akampigia mama yake, naye mama, asiyependa simu zisizo na uso, akatokea kwenye kioo cha ukutani akiwa amejitanda kanga, kuku wakipita nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo umefika? Karanga hazijamwagika?"

"Umefika. Mama, hiki kikombe..."

"Eeh, umekiona! Fundi Ngusa huyo. Amezeeka, macho yamekwisha, lakini mikono bado ipo. Nilimwambia akumbuke kile cha marehemu baba yenu. Akakumbuka hadi kimdomo."

"Umeniletea mimi peke yangu?"

"Swali gani hilo? Lini niliwahi kumpa mmoja nikamwacha mwingine? Vimetoka viwili, siku moja, moto mmoja." Hapo mama alijua kwamba mdomo umekwisha kumponyoka. Alitazama pembeni, akavuta kanga yake, na alipogeuka uso ulikuwa umebadilika. "Niliapa nisikwambie. Kulwa aliniapisha. Alikuja wiki iliyopita, akakaa hapo jikoni anachambua mchele, nikamwona machozi yanadondokea ungoni. Mtoto niliyemzaa atanificha mimi? Akasema yote. Amesema mashine imempa miaka saba."

Miaka saba. Doto aliufanya ujumlishaji bila kutaka. Thelathini na minne na saba.

"Nikasema, mimi hiyo saba sina," mama aliendelea. "Na Ngusa hana. Siku hiyo ikifika nani atajua kutengeneza kikombe kama hiki? Watamletea hayo maroboti ya kumlisha kwa bomba. Bora kiwepo kabatini, kimsubiri. Basi nikatengeneza. Na nilipotengeneza cha Kulwa nikasema, je, Doto? Nikimwacha ataugua. Unajua mapacha. Chako ni cha kinga tu. Hakina maana nyingine."

"Mama..."

"Usilie. Sikiliza." Mama alisogea karibu na kioo mpaka uso wake ukajaa ukuta. "Kulwa ameniambia wewe ulikataa kupima. Nilimshukuru Mungu nikapiga magoti. Nikasema, angalau mmoja hakuipata. Nimekesha nalia kwa ajili ya Kulwa, lakini nikimaliza nasema, Doto yupo. Mimi nikiondoka, Doto atamshika mwenzake mkono. Doto atamnywesha uji. Wewe hukupima, sivyo, mwanangu? Mashine haikukupa?"

Kwa miaka tisa Doto alikuwa amelisikia swali hilo kutoka kwa akina mama wa kila namna. Wengi waliamini kwamba kipimo ndicho kinacholeta ugonjwa, na asiyepimwa yuko salama. Alikuwa na majibu yake tayari. Alikuwa akichukua nusu mbili za harage lililopasuka katikati, akawaonyesha: mapacha wa yai moja ni hivi, kilicho huku ndicho kilicho huku. Alikuwa akisema kwa upole kwamba mashine haitoi wala haiongezi, inasoma tu. Watu walielewa. Alikuwa mwalimu mzuri wa jambo hilo, hata Dakta Ndaki alimsifu.

Harage lilikuwepo jikoni, kilo nzima.

Alimtazama mama yake, miaka sabini na mitatu, meno mawili yametoka mbele, anasubiri. Jibu la kweli lingemsaidia nini? Lisingemwongezea mtoto siku hata moja. Lingemnyang'anya yule mmoja aliyebaki naye. Sasa Doto ndiye aliyeshika jibu la mtu mwingine mkononi, na mtu huyo hakuwa ameomba kulijua. Kesho Jumapili Kulwa angepiga simu, na Doto angelazimika kucheka vizuri kama Kulwa alivyokuwa akicheka, ili Kulwa asijue kwamba anajua. Alielewa sasa kwamba Kulwa alikuwa akicheka kwa ajili yake. Kesho pia Kisena angekuja na sato wake. Angempokea kwa uso upi?

"Doto? Nimekuuliza."

"Ndiyo, mama," alisema. "Sikupima."

Mama alishusha pumzi ndefu, akafuta macho kwa pindo la kanga. "Afadhali. Afadhali, mwanangu. Haya, kinywee hicho kikombe mbele yangu. Kisipotumika hakina kinga. Na nataka nijue kama kimdomo hakikwaruzi, maana cha Kulwa sikukijaribu."

Doto alikwenda jikoni. Alimimina chai iliyobaki kwenye chupa, akabana mfuniko, akarudi mbele ya kioo. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili. Mikono ilikuwa imetulia kabisa. Akakiinua, akanywa, mama yake akimtazama.

"Kinakwaruza?"

"Hapana, mama. Kimenikaa vizuri."